Maggie Walker: Mtoto wa mfua nguo aliyeanzisha benki kwa senti za wanawake

Jumatatu ya Novemba 2, 1903, benki mpya ilifungua milango katika jiji la Richmond, jimbo la Virginia, Kusini mwa Marekani. Hadi kazi inafungwa siku hiyo, zilikuwa zimepokelewa amana 280 zenye jumla ya zaidi ya Dola 8,000. Wapo wateja walioweka zaidi ya Dola 100, wapo walioleta dola chache, na yupo mmoja aliyekuja na senti 31 tu. Zote zilipokelewa na kuandikwa kwenye daftari.

Rais wa benki hiyo alikuwa mwanamke mweusi mwenye umri wa miaka 39, Maggie Lena Walker. Mama yake aliwahi kuwa mtumwa, na baadaye alilea watoto wake kwa kufua nguo za watu. Kwa kufungua milango ile, Maggie akawa mwanamke mweusi wa kwanza nchini Marekani kuanzisha benki na kuiongoza.

Benki ile iliitwa St. Luke Penny Savings Bank. Peni ni sarafu ya senti moja, na jina hilo lilitangaza wazi kuwa hapakuwa na fedha iliyokuwa ndogo mno kupokelewa. Wateja wengi waliolengwa walikuwa wanawake waliopata ujira mdogo: wapishi wa majumbani, wafua nguo, na wafanyakazi wa viwanda vya tumbaku.

Kikapu cha nguo kichwani

Maggie alizaliwa Richmond mwaka 1864, vita ya wenyewe kwa wenyewe ikiwa bado inaendelea. Richmond ndiyo ilikuwa makao makuu ya majimbo ya Kusini yaliyopigania kubaki na utumwa. Mama yake, Elizabeth Draper, alikuwa msaidizi wa mpishi katika nyumba ya Elizabeth Van Lew, mwanamke tajiri wa kizungu aliyepinga utumwa na ambaye kwa siri aliwapelekea majeshi ya Kaskazini habari za kijasusi.

Baba mzazi wa Maggie alikuwa Eccles Cuthbert, mzungu mzaliwa wa Ireland. Hakuishi na familia hiyo. Elizabeth aliolewa na William Mitchell, aliyekuwa akifanya kazi katika nyumba hiyohiyo, na baadaye Mitchell akapata kazi nzuri ya kuwa mkuu wa wahudumu katika hoteli moja mjini. Wakahamia kwenye nyumba yao ndogo uchochoroni, wakapata mtoto wa kiume, Johnnie, na maisha yakaanza kunyooka.

Mwaka 1876 Mitchell alitoweka. Baada ya siku kadhaa mwili wake ulipatikana katika mto James. Wakuu wa jiji waliandika kuwa alijiua. Mkewe hakukubali kamwe. Aliamini kuwa mumewe aliporwa na kuuawa. Lakini imani hiyo haikulipa kodi ya nyumba. Elizabeth alibaki mjane mwenye watoto wawili, bila akiba na bila bima.

Alifanya kile ambacho wajane wengi weusi wa Kusini walikifanya wakati ule: alianza kufua nguo za familia za wazungu kwa malipo. Maggie, ambaye hakuwa bado ametimiza miaka 12, ndiye aliyekwenda kuchukua nguo chafu na kurudisha zilizofuliwa na kupigwa pasi, huku akimlea mdogo wake na kuhudhuria shule.

Katika safari hizo za kikapu aliona mambo mawili ambayo hakuyasahau. La kwanza ni jinsi watu wa upande ule wa mji walivyoishi, na jinsi waliozifua nguo zao walivyoishi. La pili ni kwamba kazi ya mama yake ilikuwa kazi kamili. Ilileta fedha, ililisha nyumba na kumpeleka mtoto shule. Kilichokosekana ni mahali pa kuiweka fedha ile ikazaa, na mahali pa kukimbilia siku mkono ulioifanya kazi utakapougua.

Mshahara uliokatishwa na ndoa

Maggie alimaliza masomo ya ualimu mwaka 1883. Darasa lake lilikumbukwa kwa kupinga utaratibu wa kuwafanyia wahitimu weusi sherehe kanisani wakati wenzao wazungu walifanyiwa katika ukumbi mkubwa wa maonyesho wa jiji, ilhali wazazi wa pande zote mbili walilipa kodi.

Alifundisha kwa miaka mitatu. Wakati huohuo alijifunza uhasibu, na alifanya kazi ya uwakala katika kampuni ya bima ya wanawake iliyoitwa Woman's Union. Septemba 1886 aliolewa na Armstead Walker, fundi mwashi kutoka familia yenye biashara ya ujenzi. Siku alipoolewa, ajira yake ya ualimu ikafikia mwisho, kwa kuwa kanuni za shule za Richmond hazikumruhusu mwanamke aliyeolewa kufundisha.

Kwa familia ya Walker hasara hiyo ilivumilika, kwa sababu mume alikuwa na kipato. Kwa jamii ya watu weusi wa Richmond hasara ilikuwa kubwa zaidi. Mwalimu aliyesomeshwa kwa jasho la mfua nguo aliondolewa darasani akiwa na miaka 22, kwa kosa la kuolewa. Wanawake wengine weusi hawakuwa hata na nafasi hiyo ya kupoteza. Milango iliyokuwa wazi kwao ilikuwa michache: jikoni kwa watu, beseni la kufulia, au kiwanda cha tumbaku ambako walichambua majani na kuyatoa vikonyo. Katika maduka makubwa ya mjini haikuwa kawaida kumkuta mwanamke mweusi nyuma ya kaunta, wala katika ofisi akiwa na mashine ya kuchapa.

Maggie alikuwa na sehemu nyingine ya kufanyia kazi. Tangu akiwa kijana alikuwa mwanachama wa Umoja wa St. Luke, chama cha kusaidiana kilichoanzishwa Baltimore mwaka 1867 na mwanamke mweusi, Mary Prout. Wanachama walitoa mchango mdogo mdogo, na chama kiliwatunza walipougua na kuwazika walipofariki. Kampuni za bima za wazungu zilipowakataa watu weusi au kuwatoza zaidi, vyama vya aina hii ndivyo vilivyokuwa bima yao.

Ndani ya Umoja huo alipanda ngazi moja baada ya nyingine. Mwaka 1895 alianzisha tawi la watoto, ambako vijana walifundishwa kuweka akiba na kusaidiana kabla hawajaanza kupata mshahara.

Dola 31 na senti 61

Mwaka 1899 katibu mkuu wa Umoja, mwanamume aliyeuongoza kwa miaka mingi, aliona chombo kinazama akajiondoa. Sanduku la chama lilikuwa na Dola 31 na senti 61. Madeni yalikuwa Dola 400. Wanachama hai walikuwa elfu moja na ushee.

Maggie alichaguliwa kushika nafasi hiyo. Mtangulizi wake alikuwa akilipwa Dola 300 kwa mwaka. Yeye aliwekewa Dola 100. Aliikubali kazi hiyo kwa theluthi moja ya mshahara wa mwanamume aliyeikimbia.

Alianza na daftari. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari, na Umoja wa St. Luke ulikuwa umekaribia kuwa mfano wa methali hiyo. Alipanga upya hesabu za michango na malipo, akasafiri mji hadi mji kufungua matawi, na akaajiri wasichana waliosoma kuwa makarani. Kila tawi jipya lilileta michango mipya, na kila mchango mpya ulihitaji mtu wa kuuandika. Kazi ya ofisini ambayo jiji liliwanyima wasichana weusi ilianza kupatikana ndani ya chama cha mama zao.

Agosti 1901, katika mkutano mkuu, alieleza mpango wake. Aliwataka wanachama wafungue benki yao, waanzishe gazeti lao, na wawe na kiwanda na duka vitakavyoajiri wanawake. Hoja yake ilikuwa ya kibiashara. Maelfu ya wanawake weusi walikuwa wakipokea ujira kila wiki, lakini fedha hiyo ilitoka mikononi mwao Jumamosi na kuishia katika maduka na benki za watu ambao wasingewaajiri wala kuwakopesha. Ikiwa senti hizo zingekusanywa mahali pamoja, zingeweza kuwa mkopo wa nyumba, mtaji wa duka, na mshahara wa binti wa mwanamke aliyeziweka.

Mwaka uliofuata gazeti la St. Luke Herald lilianza kutoka. Mtambo wa kuchapa uliofungwa kwa ajili yake ulifanya pia kazi za wateja wa nje, na ukawa chanzo kingine cha ajira.

Kujifunza kazi ya benki

Kuanzisha benki kulikuwa jambo jingine. Maggie alijua hesabu, lakini hakuwahi kufanya kazi ndani ya benki. Basi akaomba nafasi katika benki moja ya wazungu mjini Richmond, akawa anakwenda saa chache kila siku kwa miezi kadhaa, kuangalia jinsi fedha inavyopokelewa, inavyoandikwa na inavyokopeshwa.

Benki yake ilipofunguliwa, hisa ziliuzwa kwa wanachama wenyewe, na katika bodi ya wakurugenzi waliingia wanaume na wanawake. Watoto walipewa visanduku vidogo vya karatasi ngumu vya kuwekea senti. Kisanduku kilipofikisha dola moja, mtoto alikwenda kufungua akaunti yake mwenyewe.

Kulikuwa na habari ambayo Maggie alipenda kuisimulia, ya kijana mmoja mng'arisha viatu mwenye mguu mmoja. Kijana huyo aliweka senti zake hadi akafikisha Dola 50. Benki ikamsaidia kupanga chumba kidogo na kuweka viti vitatu vya wateja. Baada ya miaka saba alikuwa na viti 12, na alikuwa amemnunulia mama yake nyumba.

Habari hiyo inaeleza kwa kifupi namna benki ilivyofanya kazi. Mwenye akiba ndogo alionekana kuwa mtu wa kukopesheka kwa sababu daftari lilionyesha historia yake. Hakuwa na shamba wala jengo la kuweka rehani. Alikuwa na kumbukumbu ya kila wiki ya senti alizoleta. Hadi miaka ya 1920 benki ilikuwa imezisaidia familia zaidi ya 600 za watu weusi kununua nyumba zao. Nyuma ya nyingi ya nyumba hizo kulikuwa na ujira wa watu wawili, mume na mke, kwa kuwa kipato cha mmoja peke yake mara nyingi kisingetosha.

Mwaka 1904 jiji la Richmond lilishuhudia nguvu ya fedha ndogo kwa namna nyingine. Kampuni ya tramu ilipotangaza kuwatenga abiria weusi kwenye viti, St. Luke Herald na gazeti la Richmond Planet yaliwahimiza watu watembee kwa miguu. Wengi walitembea. Kampuni hiyo, ambayo tayari ilikuwa na matatizo ya fedha, ilifilisika mwaka huohuo.

Duka la mtaa wa Broad

Mwaka 1905 Umoja ulifungua duka kubwa, St. Luke Emporium, katika namba 112 mtaa wa Broad Mashariki, katikati kabisa ya biashara ya jiji. Wanawake 22 waliweka fedha zao kulianzisha. Wauzaji walikuwa wanawake weusi. Mteja mweusi aliyekuwa akihudumiwa mwisho, au kuzuiwa kujaribu kofia kabla ya kuinunua, sasa alikuwa na mahali pa kununua kwa heshima, na binti yake alikuwa na mahali pa kufanya kazi bila kupiga magoti kwenye sakafu ya mtu.

Wafanyabiashara wazungu wa mtaa huo hawakungoja duka lifunguliwe. Waliposikia ni nani wamenunua jengo, walitoa ofa ya kulinunua kwa Dola 4,000 zaidi ya bei iliyolipwa. Umoja ulikataa. Ikaja ofa ya Dola 10,000 taslimu ili mpango wa duka uachwe. Umoja ulikataa tena.

Ndipo njia ikabadilika. Wafanyabiashara hao waliungana, na wauzaji wa jumla hadi New York walionywa kuwa atakayeliuzia bidhaa duka la St. Luke atapoteza wateja wake wengine wa Richmond. Anayefanya biashara ya kununua mbali na kuuza karibu anajua maana ya tishio hilo. Duka linaweza kuwa na wateja na wafanyakazi wazuri, lakini mzigo ukikatwa njiani, rafu zinabaki tupu au zinajazwa kwa bei isiyouzika.

Hata hivyo, lawama haikuwa ya upande mmoja. Wateja weusi wenyewe hawakutosha. Wengi waliendelea kwenda kwenye maduka ya zamani, ama kwa kufuata bei ya chini kidogo, ama kwa mazoea. Maggie alizungumza mbele ya hadhara ya wanaume wa jamii yake akiwakumbusha kwamba kila dola waliyoipeleka kwa wale waliotaka kuliua duka ilikuwa inalipia kuuawa kwake, na kwamba mabinti waliokosa kazi pale wangerudi jikoni na kiwandani.

Duka lilivumilia kwa takriban miaka sita, kisha likafungwa. Ilikuwa hasara ya fedha na hasara ya ajira, na ndiyo jaribio kubwa la Maggie Walker lililoshindwa wazi mbele ya jiji zima. Benki na gazeti vilibaki. Kutenganishwa kwa hesabu za benki na za Umoja kulikuja kwa lazima, baada ya jimbo la Virginia kupitisha sheria mwaka 1910 iliyozitaka benki za vyama kusimama peke yake. Benki ikasajiliwa upya kwa jina la St. Luke Bank and Trust Company, ikiwa chini ya rais yuleyule.

Msiba nyumbani, hesabu ofisini

Familia ya Walker iliishi katika mtaa wa Leigh, eneo la Jackson Ward, ambalo lilikuwa moyo wa biashara za watu weusi wa Richmond. Nyumba waliyoinunua mwaka 1904 iliongezwa vyumba mwaka hadi mwaka hadi vikafika 28, kwa sababu humo waliishi mama mzazi, watoto, wakwe na wajukuu. Polly Anderson, binti waliyemlea, alisimamia shughuli za nyumba. Bila Polly, na bila mama yake mzazi, saa ambazo Maggie alizitumia ofisini na safarini zisingepatikana.

Juni 1915 msiba uliingia katika nyumba hiyo. Kulikuwa na habari za mwizi anayezunguka mtaani. Usiku mmoja Russell, mtoto mkubwa wa kiume, alimwona mtu barazani, akapiga risasi akidhani ndiye mwizi. Alikuwa baba yake. Armstead Walker alifariki dunia.

Russell alishtakiwa kwa mauaji. Mama aliyempoteza mume alilazimika kumtetea mwanawe mahakamani huku akijibu maswali ya wanachama. Wapo ndani ya Umoja waliotaka ang'atuke, wakihofia kuwa jina la chama lingechafuka. Mahakama ilimwachia huru Russell, na Maggie alibaki kwenye kiti chake. Lakini Russell hakupona moyoni. Alifariki mwaka 1923, mwaka mmoja baada ya bibi yake, Elizabeth, yule mfua nguo.

Katika miaka hiyo ya majonzi, Umoja ulifika mahali ambapo wachache wangepatabiri mwaka 1899. Kufikia mwaka 1924 ulikuwa na wanachama 50,000 katika matawi 1,500, mali yenye thamani ya karibu Dola 400,000, na wafanyakazi 50 katika makao makuu ya Richmond. Waliokuwa wakikusanya michango matawini, wakiandika barua ofisini, wakitunza leja na kuhesabu fedha, wengi walikuwa wanawake.

Thamani ya ajira hizo ilizidi mshahara wenyewe. Karani wa St. Luke alijifunza uhasibu, kuchapa na kusimamia fedha za watu, ujuzi ambao asingeupata mahali pengine mjini. Mshahara wake ulilipia shule za wadogo zake, ukanunua hisa za benki, ukaweka akiba iliyokopeshwa kwa fundi aliyejenga nyumba ya jirani. Fedha ileile ilipita mikono mingi kabla ya kutoka Jackson Ward.

Mwaka 1920 wanawake wa Marekani walipopata haki ya kupiga kura, Maggie alikuwa miongoni mwa waliowahamasisha wanawake weusi wa Richmond kujiandikisha, ingawa sheria za Virginia ziliwekwa kuwazuia watu weusi. Mwaka 1921 aligombea nafasi ya msimamizi wa elimu wa jimbo akiwa na wagombea wenzake weusi. Walishindwa, kama ilivyotarajiwa, lakini mwanamke aliyeondolewa darasani kwa kuolewa alikuwa ameomba kura za kuongoza shule zote za jimbo.

Miguu ilipogoma

Mwaka 1907 Maggie alianguka na kuvunjika goti. Maumivu hayo, pamoja na ugonjwa wa kisukari, yalimdhoofisha miguu polepole. Kufikia mwaka 1928 alikuwa anatumia kiti cha magurudumu. Lifti iliwekwa nyumbani kwake, na gari lilirekebishwa ili aweze kuingia akiwa kwenye kiti. Aliendelea kwenda kazini.

Kazi iliyomngoja ilikuwa ngumu kuliko zote. Uchumi wa Marekani ulianguka kuanzia mwaka 1929, na kati ya 1930 na 1933 takriban benki 9,000 zilifungwa. Benki ndogo za watu weusi zilikuwa hatarini zaidi, kwani wateja wao ndio waliokuwa wa kwanza kupunguzwa kazini. Richmond ilikuwa tayari imeona mfano: benki ya John Mitchell, mmiliki wa gazeti la Richmond Planet, ilifungwa mwaka 1922, na wenye akiba wakaumia.

Maggie alichagua kuunganisha nguvu. Mwaka 1930 benki ya St. Luke iliungana na benki nyingine ya watu weusi ya Richmond, na mwaka uliofuata ya tatu ikajiunga. Zikawa benki moja, Consolidated Bank and Trust Company. Hakung'ang'ania kiti cha urais. Alikuwa mwenyekiti wa bodi. Jina la St. Luke lilitoweka mlangoni, lakini fedha za wafua nguo na wapishi zilibaki salama. Benki hiyo ilivuka mdororo ule, na iliendelea kufanya kazi hadi karne ya 21.

Maggie Walker alifariki Desemba 15, 1934, kwa matatizo yaliyotokana na kisukari. Nyumba yake ya mtaa wa Leigh inatunzwa na serikali ya Marekani kama eneo la historia. Mwaka 2017 jiji la Richmond lilimsimamishia sanamu, nayo iliwekwa mtaa wa Broad, mtaa uleule ambako wafanyabiashara walilifungia njia duka lake.

Kwa mwanamke anayevuka mpaka alfajiri na mzigo wa vitenge, samaki wakavu au nyanya, na jioni akatoa mchango wake kwenye kikundi, mengi katika maisha hayo si mageni. Daftari lililoandikwa vizuri ndilo lililomfanya mng'arisha viatu akopesheke. Duka la Broad lilianguka kwa sababu waliotegemewa kununua humo walinunua kwingine, na kwa sababu mzigo ulitegemea wauzaji ambao wangeweza kutishwa. Benki ilipona kwa sababu ilikubali kuungana na wenzake kabla ya mambo kuharibika. Na yote yalianza na mjane mmoja aliyefua nguo kwa malipo, akahakikisha binti aliyezibeba anarudi shuleni.